Mbegu ya Kibuyu cha Shosho

Makongeni, Nairobi
14 Januari 2024

Dada Shiru,

Salamu kutoka kwangu, kwa Jacky, na kwa Baba Jacky. Huku hatujambo, isipokuwa goti langu, ambalo tangu tumzike mama limekuwa na maoni yake kila nikipanda ngazi. Jacky ameingia kidato cha pili na tayari anajua kuliko mimi. Kangema mnaendeleaje? Yule mbuzi alizaa? Paa la jikoni lilirekebishwa?

Najua utashangaa kukuta barua katikati ya sukari na majani chai kana kwamba tuko enzi za mabibi zetu. Ungenifungulia simu ningekupigia. Lakini tangu matanga nikipiga naambiwa mteja hapatikani, na mimi najua mteja yupo, amekaa jikoni kwa mama anakunywa chai. Haya, nilisema vibaya siku ile, kwamba umekikalia kibuyu cha shosho, bibi yetu mzaa mama, kama kuku wa kuatamia. Sikukosea kusema. Nilikosea kusema mbele ya pasta.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Baba Jacky ameacha pombe. Usicheke. Gitonga yule yule aliyekuwa akifungua baa na kuifunga, leo ni miezi saba hajaonja. Alianguka kazini mwezi wa sita, daktari akampima, akamwambia ini limeanza kupata makovu: akiendelea atakufa, akiacha linaweza kutengenea. Akaacha siku hiyo hiyo. Alisimama kanisani akaapa mbele ya wanaume wenzake. Kazini kwake madereva wote hupuliza alkoblo, kile kipima pombe, langoni kila asubuhi kabla ya kupewa ufunguo wa lori, na siku hizi yeye ndiye wa kwanza kwenye foleni.

Nataka kumlinda. Naomba mbegu ya maji ya shosho, ile dawa yake ya kuchachusha, yaani yale mashapo mazito yanayobaki chini ya kibuyu, niimwagie majani ya thabai, ule upupu, na managu machache, ile mboga chungu, kama alivyofanya mama. Nitampa kikombe kila alfajiri ini lisafike. Na wateja wangu wa supu hapa soko la Burma, wanaokuja asubuhi vichwa vikiwagonga, nao wataonja.

Desturi naijua. Wewe ndiye Wanjiru, umebeba jina la mama yake mama, na kabla hujaota meno mama alikuwa akikuita "maitu", mama yangu. Kibuyu hufuata jina. Mimi nilipewa jina la mama mkwe wake, yule aliyemfukuza jikoni wiki ya kwanza ya ndoa, na kila mama alipoita "Waringa!" nilisikia meno yakisagana. Hata uji nikiukoroga mimi, alisema mkono wangu ni baridi, hautachacha. Basi nakuomba wewe mwenye jina. Kikombe kimoja tu.

Ni mimi niliyekutangulia kuzaliwa, na si kingine,
Waringa


Kangema
2 Machi 2024

Mama Jacky,

Sukari nimepata. Majani chai yalilowa njiani, nimeyaanika. Mbuzi alizaa pacha, mmoja akafa. Paa bado.

Barua yako ilikaa wiki mbili kwenye ofisi ya vifurushi kwa sababu ilikuwa na jina Wanjiru tu, na hapa akina Wanjiru ni wengi kuliko kuku. Wiki nyingine tatu ilikaa juu ya kabati. Hizo ni zangu.

Nimefurahi kwamba Baba Jacky ameacha. Nimeandika hilo neno nikalitazama muda mrefu. Nimefurahi.

Mume wangu Johnson hakuacha, unakumbuka. Kila asubuhi mama alikoroga, mimi nikampa kikombe kikubwa. Kichwa kikishampoa, saa kumi jioni alikuwa barabarani tena, akipita akisema, "Ini langu lina askari." Nilimzika akiwa manjano mpaka kwenye kucha, akiwa na miaka thelathini na minane. Kwa hiyo mimi sina hadithi ya kukusimulia kuhusu haya maji na maini. Kama kuna kilichomsaidia mumeo ni kuacha. Bahati hiyo wengine hatukupewa, wala watoto hatukupewa, lakini mbuzi tunao.

Mbegu hiyo hapo, ndani ya chupa ya asali, nimefunga mdomo kwa nailoni. Umeomba na nimekupa, mtu asiseme tena nimekalia kitu. Itachacha ikitaka. Ikikataa usinilaumu. Unajua mwenyewe mama alisema nini juu ya mkono wako.

Shiru


Makongeni
21 Aprili 2024

Dadangu mpendwa,

Tunakusalimu wote, tukiwa tumelowa. Mvua ya mwaka huu haina adabu, inabisha hodi dirishani na kuingilia mlangoni. Jacky anasumbuliwa na kikohozi lakini anaendelea na shule. Pole kwa yule mwanambuzi. Maneno yako kuhusu Johnson niliyasoma, nikayarudia. Sikujua unahesabu bahati zetu namna hiyo.

Sasa sikiliza habari njema. Imechacha! Wiki tatu za kwanza ilinitesa, imelala tu kwenye mtungi kama maji ya kuoshea vyombo, na mimi usiku naenda kuitazama kama mgonjwa. Halafu ikaamka. Povu, Shiru, povu mpaka inasukuma kifuniko! Usiniulize nilifanyaje. Kila mpishi ana siri yake, na ninyi wenye majina si ninyi peke yenu mnaojua kupika.

Gitonga anakunywa kikombe kila saa kumi na moja alfajiri kabla ya kazi. Zamani asubuhi alikuwa kama mlango uliovimba, sasa ananyoa ndevu akiimba. Na Burma nimekuwa mtu! Muoki, yule wa bucha anayeniuzia mifupa ya supu, alikuja Jumatatu akiwa hajiwezi, macho mekundu. Nikampa glasi mbili. Baada ya dakika ishirini alikuwa anapiga kelele mpaka kwa wauza mutura, zile soseji za matumbo: "Mathe, hii kitu yako inatoa loki mbaya, kichwa kimetulia! Kesho naleta mabeshte." Na kweli aliwaleta, sita. Sasa wananiita Daktari.

Natamani mama angekuwepo aone. Si kwa ubaya. Natamani tu angeonja, kisha anitazame.

Wako mwenye mkono baridi,
Waringa


Kangema
30 Mei 2024

Waringa,

Salamu kwa wote. Jacky mpe asali na tangawizi. Huku hakuna jipya, kahawa imeshikwa na ugonjwa wa majani.

Barua yako nimeisoma mara nne. Unasema povu. Povu la kweli, la kusukuma kifuniko? Na ilikuwa ni ile ile mbegu niliyokutumia, hukupata nyingine kwa mtu? Harufu yake ikoje? Umeweka nini ndani? Naomba unijibu hili kabla ya mengine yote.

Nikuambie ukweli mmoja, mengine baadaye. Nilipofika pale uliposema wanakuita Daktari, niliikunja barua nikaenda kupalilia kwenye jua kali, na nilipalilia mpaka nikang'oa na miche. Ulikuwa wivu. Mama aliniachia kibuyu na jina, na hapa mlimani hakuna anayekuja kuniomba hata tone, vijana wote wanataka vidonge vya dukani. Wewe una mume mzima anayeimba asubuhi, una mtoto, una Burma, na sasa hata hili limekukubali. Kwa nini kila kitu kikifika kwako kinaota? Hata kisichofaa kuota?

Nijibu kuhusu ulichoweka. Na usimpe Baba Jacky vikombe vingi.

Shiru


Makongeni
18 Julai 2024

Shiru,

Leo salamu ni fupi. Jacky ni mzima. Goti ni lile lile.

Gitonga amefukuzwa kazi. Mwezi wa tano alipuliza alkoblo ikalia, wakasema labda ni dawa ya mswaki, wakampa onyo. Juni wiki ya mwisho ikalia tena, siku mbili mfululizo. Miaka kumi na moja kwenye lori, wakampa karatasi langoni mbele ya vijana aliowafundisha kazi.

Alikuja nyumbani akaapa. "Mama Jacky, naapa kwa kaburi la baba, sijaonja." Nilimnusa, Shiru. Ananuka. Mimi ninayeingia Burma kila siku, harufu ya mtu aliyekunywa naijua kama harufu ya mtoto wangu. Akatafuta kisingizio. Unajua alisema nini? Alisema labda ni maji ya shosho. Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuijua. Nikamwambia, "Umeshindwa na kiapo chako, sasa unamsingizia mama yangu aliye kaburini?" Nikamwita mwongo mbele ya Jacky. Mtoto akaingia chumbani akafunga mlango, na mpaka leo hajamwita baba.

Wanaume wa kanisani walikuja kumwombea. Aliwaambia pia hajanywa. Wakatazamana. Mmoja akamshika bega akasema, "Ndugu, kwanza ungama." Alitoka siku hiyo na begi moja, akaenda kwa kaka yake Kimani huko Komarock. Sikumzuia. Nina hakika kuna mwanamke mahali, mwenye baa, anayemkalisha na kumchekea. Nimelala nikimchora huyo mwanamke mpaka najua viatu anavyovaa.

Usicheke. Najua mahali fulani moyoni mwako umesema, "Afadhali, na wake pia." Ningekuwa wewe ningesema.

Waringa


Kangema
6 Agosti 2024

Dada Waringa,

Sitaanza na salamu, utanisamehe, ama hutanisamehe.

Ile mbegu niliyokutumia ilikuwa imekufa. Niliitokosa. Niliiweka kwenye sufuria ya mama nikaiacha ichemke mpaka ikatulia, nikaipoza, nikaimimina kwenye chupa ya asali. Nilitaka ulale usiku ukiisubiri. Nilitaka useme mwenyewe, mama alisema kweli, mkono wangu ni baridi. Ndiyo maana niliandika yale maneno ya mwisho. Niliyapanga.

Nilifanya hivyo kwa sababu ya Gitonga. Si kwa sababu ya biashara yako. Ulipoandika kwamba aliacha siku hiyo hiyo, siku moja tu, kama mtu anayevua koti, nilimwona Johnson kitandani. Nilimbembeleza miaka tisa. Nilipiga magoti. Nikajiuliza wewe ulifanya nini ambacho mimi sikufanya. Nikaona hukufanya chochote, ulipewa tu. Basi nikasema hili moja hutalipata.

Halafu ukaandika kwamba ina povu. Kitu kilichotokoswa hakitoi povu, Waringa. Nilikuuliza umeweka nini, hukujibu, na mimi sikusema kwa nini ninauliza, kwa sababu ningejitaja. Nikakaa na hilo wiki saba. Nilipofika pale kwamba amepuliza ikalia na anaapa hajanywa, nilikaa chini palepale barabarani.

Niambie kama uliweka hamira. Kama uliweka hamira na sukari ukafunga mtungi, hayo si maji ya shosho. Hiyo ni pombe. Umekuwa ukimpa pombe kila alfajiri, na yeye amekuwa akikuambia kweli.

Nimekufungulia simu tangu jana. Nimeiweka mbele yangu. Lakini nimeona bora niandike, kwa sababu nikikusikia nitapunguza maneno. Yamwage chini yote leo. Nenda Komarock.

Shiru


Makongeni
29 Septemba 2024

Shiru,

Salamu. Jacky anakula na kulala. Mimi pia nala, ingawa sijui ladha.

Simu yako niliiona, mara kumi na nne. Mimi ndiye niliyekufungia safari hii. Nilitaka kwanza nijue ninachohisi, na kilinichukua muda, kwa hiyo nitakuambia kwa mpangilio kilivyokuja.

Niliposoma kwamba uliitokosa, jambo la kwanza nililohisi lilikuwa furaha. Nisikilize. Nilisimama katikati ya nyumba, mume hana kazi, mtoto hasemi na babake, na mimi nafurahi, kumbe mkono wangu si baridi! Miaka arobaini na nne nimebeba hilo neno. Nilifurahi labda dakika nzima. Ndipo nikasoma mstari unaofuata.

Ndiyo, niliweka hamira. Paketi mbili, zile za mandazi, na kilo ya sukari. Wiki ya tatu ile mbegu ilinuka majani yaliyopikwa, na mimi si mtoto jikoni, niliwaza kabisa kwamba ni kitu kilichokutana na moto. Ningeweza kukuandikia nikakuuliza. Lakini kukuuliza kungekuwa kukuambia kwamba imenikataa. Nikaona heri hamira kuliko uso wako. Na wateja walipoipenda nikaongeza sukari, mwezi wa tano, na tena wa sita. Mimi mwenyewe sikuionja hata siku moja, nilisema ni chungu. Watu wa Burma nimewaambia. Muoki alicheka mpaka akakohoa. Alisema wao walijua tangu glasi ya kwanza, walidhani nami najua. Mtungi nimeumwaga. Sasa nauza supu tu, na anayeamka vibaya namwambia anywe maji alale.

Nilikwenda Komarock siku ile ile nilipopata barua yako. Nilichelewa. Kimani alinifungulia mlango akanionyesha chini kwenye kona. Gitonga alikuwa amerudia pombe, ya kweli sasa, wiki nne mchana na jioni. Hakukuwa na mwanamke. Kulikuwa na godoro na chupa. Alinitazama akasema, "Mlinihukumu bure, nikaona heri nihukumiwe kwa haki." Macho yalikuwa manjano, Shiru. Unayajua hayo macho.

Tumekaa wodini wiki sita. Tumbo lilijaa maji, wameyatoa mara mbili. Daktari anasema makovu yameenea, ini lililokuwa linaweza kutengenea mwaka jana sasa halitarudi lilivyokuwa. Asiguse pombe tena, wala majani, wala mizizi, wala kitu chochote cha mtungi, na tutaona atapewa miaka mingapi. Daktari alipouliza nani alikuwa akimpa dawa za kienyeji, niliinua mkono kama mtoto darasani.

Nilimwambia Gitonga Jumapili iliyopita. Nilikuwa nimengoja apate nguvu, ama mimi nipate. Nilimweleza mbegu iliyokuja imetokoswa, hamira, sukari, kila kikombe, na kwamba aliponiambia ni maji ya shosho alikuwa anasema kweli, na mimi nikamwita mwongo. Nilifikiri atanipiga, ama atalia. Alilala akitazama dari. Kisha akasema, "Kwa hivyo sikuwa nashikwa na wazimu. Langoni nilianza kufikiri labda nakunywa usingizini." Akageukia mlango. Kisha akasema, "Mwite Jacky."

Jacky alikuwa nje kwenye benchi, huja mpaka mlangoni tu. Nikamwita. Akasimama miguuni pa kitanda, mikono mfukoni. Gitonga akaniambia, "Sema tena, mtoto asikie." Nikasema tena yote. Ilikuwa ngumu kuliko mara ya kwanza. Nilipomaliza mtoto alizunguka kitanda akamshika babake mkono, na mimi hakunitazama. Hajanitazama vizuri mpaka leo.

Sasa Gitonga anataka niseme kanisani, kwa wale wanaume waliomwambia aungame. Na anataka nisimame langoni pale kazini niwaambie walinzi na wale vijana wake. Hataki kazi, hawezi tena lori. Anataka wajue tu. Nimekubali, ni Jumapili ijayo na Jumatatu yake. Nitasema nilivyoweka hamira, nilivyoona dalili nikanyamaza kwa kiburi, nilivyokuonea wivu tangu tulipokuwa tunalala kitanda kimoja. Lakini kuna mahali pa sufuria ya mama, na hapo mimi sikuwepo. Yeye ameniuliza, "Nani aliitokosa, na kwa nini?" Nilimwambia mwenye jibu atakuja. Anajua mbegu ilitoka Kangema.

Sehemu hiyo sitakusemea. Njoo Jumamosi, uje mikono mitupu, uingie wodini umwambie mwenyewe.

Waringa